Meza ya Kike na Kisu cha Kiume

Kimaiyo alikuwa hodari wa maneno, ila mbele ya kondoo tu. Huko malishoni, kwenye miteremko ya Mau juu ya Njoro, angeweza kuwahutubia kondoo mia sita tangu umande ukauke hadi jua lishuke, akawaeleza habari za mvua, za mkewe, na makosa yote ya serikali. Lakini binadamu mmoja akimtazama usoni, basi, macho yalishuka mpaka kwenye viatu vya yule mtu, na jibu likawa lile lile la siku zote: "Ndiyo." Watu walisema kwamba Kimaiyo aliwajua wakazi wote wa shamba kwa viatu vyao, na wasio na viatu aliwajua kwa vidole.

Mwaka ule wa 1956 alikuwa amepita miaka arobaini na mitano. Shule aliisoma ya misheni, akaishia darasa la nne. Miaka kumi na minane alikuwa amewachunga kondoo wa setla mmoja aliyeitwa Bwana Hallam. Zamani mnyapara wa wachungaji alikuwa Nderitu, lakini mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Nderitu na mkewe Wangeci walipakiwa kwenye lori pamoja na Wakikuyu wengine wa shamba, wakapelekwa Nyeri, mahali ambapo watoto wao hawakuwa wamewahi kupaona. Bwana Hallam akamwambia Kimaiyo aishike ile kazi kwa muda. Muda huo ulikuwa umetimiza miaka mitatu. Kimaiyo hakuuliza utaisha lini, maana kuuliza kungemlazimu kufungua mdomo.

Pamoja na kazi ile alipewa nyumba ya mnyapara, ya mawe na mabati, karibu na mfereji wa maji, na ruhusa ya kufuga ng'ombe wanne. Wachungaji wengine walikaa kwenye vibanda vya laini ya wafanyakazi huko chini, na hawakuruhusiwa hata ndama. Jeruto, mke wa Kimaiyo, alikuwa amepanda viazi nyuma ya nyumba ile, na wale ng'ombe wanne aliwaita kwa majina kama watoto wake wa kuzaa.

Ndipo wakaja madume ya kigeni. Bwana Hallam aliagiza madume kumi ya kondoo kutoka Hispania, yenye manyoya mazito na mikunjo shingoni kama mtu aliyevaa blanketi tatu. Yaliteremka meli Mombasa, yakapanda gari moshi, na pamoja nayo akaja mchungaji wao, mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe aliyeitwa Eusebio. Angekaa mwaka mmoja kuwafundisha watu namna ya kuyatunza. Wachungaji walimwita Mzee Sebio. Hakujua Kiswahili wala Kiingereza. Bwana Hallam, ambaye ujanani aliwahi kufanya kazi Amerika ya Kusini, ndiye peke yake aliyeelewana naye.

Siku moja Bwana Hallam aliwakusanya wachungaji mbele ya banda la kunyolea.

"Sikia," alisema kwa Kiswahili chake cha kisetla. "Mimi hapana weza kaa hapa kila siku kwa sababu ya maneno ya huyu mzee. Mtu atajua kusema na yeye mbele ya siku ya kunyoa kondoo, yeye iko mnyapara. Mnyapara kabisa, hapana ya kwa muda."

Kimaiyo alivitazama viatu vya Bwana, akasema, "Ndiyo." Kisha akasikia sauti nyingine nyuma yake ikisema, "Ndiyo, Bwana, nitaanza leo."

Sauti ile ilikuwa ya Micah. Micah alikuwa na miaka ishirini na sita, alisoma hadi darasa la nane, na Jumapili ndiye aliyesoma masomo kanisani. Bwana Hallam alimpa kitabu chembamba kilichoeleza Kihispania kwa Kiingereza. Baada ya wiki moja Micah alikuwa akipita kwenye laini na kitabu kwapani akiwasalimia hata kuku.

"Buenos días, mzee!" alimwambia Kimaiyo. "Sasa unipangie ile nyumba vizuri. Usiache kunguni."

"Ndiyo," alisema Kimaiyo.

Usiku ule hakulala, akifikiria vile alivyosema ndiyo.

Kwa kuwa hakuwa na kitabu, Kimaiyo alijifunza kwa njia aliyoijua, yaani kumfuata mzee nyuma nyuma kama kondoo. Mzee Sebio alionyesha dume kwa fimbo, akasema, "El carnero." Akaonyesha jike, akasema, "La oveja." Kimaiyo alifurahi hadi akasahau haya. Kumbe ni rahisi hivi! *El* ni ya kiume, *la* ni ya kike. Mtu aliyewatenganisha madume na majike kwa miaka kumi na minane angeshindwaje?

Furaha ile ilidumu mpaka saa ya kula. Mzee alimkaribisha kibandani kwake, akaigonga meza. "La mesa." Akainua kisu. "El cuchillo." Kijiko kikawa *la cuchara*, sahani ikawa *el plato*. Kimaiyo aliinama polepole, akaitazama meza kwa chini. Aliangalia vizuri, jinsi anavyoangalia mwanakondoo aliyezaliwa sasa hivi. Hakuona kitu. Mzee Sebio akamtazama akiwa pale chini, akamkatia kipande cha mkate, labda akidhani ni njaa.

Jioni alimweleza mkewe.

"Mama Kipketer, unajua gauni lako ni mwanamume?"

Jeruto aliuweka mwiko chini. "Nani amesema?"

"Mzee Sebio. Anasema *el vestido*. Hiyo *el* ni ya madume."

"Na ndevu zake yeye?"

Kimaiyo alitazama sakafu. "Ndevu ni *la*. *La barba*. Ni za kike."

Jeruto alicheka hadi akashika ukuta. "Yaani yeye amebeba mwanamke kidevuni, na mimi nimevaa mwanamume mchana kutwa! Baba Kipketer, rudi kwa kondoo."

"Lakini sababu yake ni nini?"

"Sababu ya nini? Si kwa Kiswahili tunasema kiti hiki na meza hii? Nani amewahi kukuuliza sababu?"

"Wewe husema kiti hii."

"Basi nikisema, kiti inakataa kukaliwa?"

Kisha Jeruto aliacha kucheka, akatazama mlangoni kule ng'ombe walikokuwa. "Kucheka kwangu usikujali," alisema. "Micah akikushinda, hawa wanne wanauzwa. Wewe jifunze. Hata kama gauni ni mwanamume, nitalivaa."

Basi akajifunza. Kwanza alijaribu njia ya kwao. Jina la mvulana kwa kawaida huanza na Kip na la msichana na Chep, nawe ukisikia mwanzo tu unajua ni nani anayeitwa. Akakiita kisu Kipkisu na kijiko Chepkijiko. Kwa vitu sita njia ile ilifaa. Kilipofika cha saba vyote vilichanganyika, akajikuta malishoni akimwita mbwa Chepmbwa, na mbwa akakataa kuja.

Kisha, siku moja akiwa ameshika koleo ya kutobolea masikio, akapata wazo lililomfanya ajione mtu mwenye akili nyingi. Shambani mle kila jike alitiwa alama sikio la kushoto na kila dume sikio la kulia. Hata kondoo awe na manyoya mengi namna gani, ukiona sikio unajua. Sasa kwa nini asivitie vitu vya mzee alama vivyo hivyo? Vya *la* kushoto, vya *el* kulia. Angekuwa anaviona kila siku, na vingeingia kichwani vyenyewe. Meza haina masikio, hilo alilijua. Lakini rangi ipo.

Rangi iliyokuwapo bandani ilikuwa moja, nyekundu. Na hapa ndipo unapoona kwamba akili za Kimaiyo zilikuwa na mpaka. Kila mwisho wa mwezi yeye mwenyewe, kwa mkono wake mwenyewe, alilichukua kopo lile akapita katikati ya kundi, na kila kondoo mzee, kiwete au tasa akampaka doa jekundu. Wenye doa walipakiwa kwenye lori la kwenda Nakuru kwa wachinjaji. Hakuna aliyerudi. Mtoto wa miaka mitano shambani mle alijua maana ya rangi ile. Mzee Sebio pia aliijua, kwa kuwa mwezi ule alikuwa amesimama kando ya Kimaiyo akimshikia kondoo.

Tena mambo ya mzee hayakuwa mazuri. Dume moja kati ya yale kumi lilikuwa limekufa kwa ugonjwa wa mapafu, na Bwana Hallam alimkaripia mzee mbele ya watu kwa ile lugha yao, kwa sauti iliyosikika hadi kwenye mfereji. Tangu siku ile mzee hakuimba tena akifungua zizi.

Hayo yote Kimaiyo aliyaona. Lakini kichwani mlikuwa na kushoto na kulia tu.

Asubuhi ya Alhamisi, mzee alipowapeleka kondoo joshoni, akaziacha kofia na fimbo yake zisilowe dawa, na Bwana Hallam alipokwenda mkutano Nakuru, Kimaiyo aliingia kibandani na kopo lake. Alifanya kazi kwa utulivu, ulimi nje. Meza, mguu wa kushoto. Kiti, *la silla*, mguu wa kushoto. Kitanda, *la cama*, kushoto. Blanketi, *la manta*, pembe ya kushoto. Kisu, upande wa kulia wa mpini. Kofia, *el sombrero*, kulia. Alipofika kwenye fimbo alisimama kwa muda, maana fimbo ni *el* lakini haina kulia, kisha akaizungushia rangi yote. Akarudi nyuma kutazama. Hakuwa amefurahi namna ile tangu siku ya harusi yake.

Saa saba alikuwa nyuma ya nyumba yake, kopo bado mkononi, akijifundisha kwa sauti mbele ya viazi, Micah alipokuja mbio.

"Mzee! Mzee Sebio anaondoka!"

"Anaenda wapi?"

"Stesheni! Nimempita barabarani na sanduku lake. Analia, mzee. Mtu mwenye ndevu analia."

"Umemwambia nini?"

Micah alifuta jasho. Kwa mara ya kwanza hakuwa na kitabu kwapani. "Nimemwambia *buenos días*. Nikamwuliza habari ya afya yake. Hakujibu, nikamwuliza tena. Kitabu hakijafika mahali pa mtu kuondoka."

Jeruto alitoka nje mikono ikiwa na unga. Akamtazama mumewe, akalitazama kopo.

"Baba Kipketer, hiyo rangi umepaka nini?"

"Vitu vya mzee."

"Vitu gani?"

"Vyote."

Jeruto hakucheka. "Wewe," alisema polepole, "mtu amefiwa na dume, ametukanwa na Bwana, anarudi kula mkate wake anakuta kitanda chake kimepakwa rangi ya kuuzwa. Wewe ungefikiri nini?"

Ndipo Kimaiyo alipoelewa. Bwana Hallam angerudi jioni akute mzee hayupo, madume tisa hayana mwenyewe, na alama za kopo la Kimaiyo kwenye kila kitu. Unyapara ungekuwa jambo dogo. Pengine hata laini asingepewa nafasi. Lakini kilichomchoma zaidi ni lile neno la Micah, kwamba mzee analia.

Akakimbia. Ni maili saba kutoka shamba lile hadi stesheni ya Njoro, na Kimaiyo alikimbia zote, na alipofika ndipo alipogundua kwamba kopo bado lilikuwa mkononi. Suruali yake ilikuwa na rangi hadi magotini.

Gari la Nakuru lilikuwa halijafika. Watu walikuwa wengi, wanawake wenye vikapu, askari wawili, karani wa stesheni mwenye kofia. Mzee Sebio alikuwa ameketi juu ya sanduku lake, kofia yenye doa jekundu kichwani.

Kimaiyo alisimama mbele yake. Watu wote walimgeukia. Jambo aliloliogopa maisha yake yote, yaani macho mengi kwa wakati mmoja, lilikuwa pale, na yeye amelowa jasho na rangi kama mchinjaji. Alitaka kusema samahani, lakini neno hilo mzee hakuwahi kumfundisha. Alikuwa na majina ya vitu tu.

"La mesa," alisema, akajipiga paja la kushoto.

Mzee hakuinua uso.

"La silla." Paja la kushoto tena. "La cama. La manta." Kisha akajipiga paja la kulia. "El cuchillo. El plato. El sombrero."

"Huyu baba anacheza ngoma gani?" aliuliza mwanamke mwenye kikapu cha mayai.

"Ngoja, pengine ni mgonjwa," alisema askari mmoja.

Kimaiyo aliwasikia, masikio yakawaka moto. Akachutama, akachovya kidole kwenye kopo, akapaka doa upande wa kushoto wa sanduku. "La," alisema. Hakulijua jina la sanduku, lakini alikuwa amelibahatisha vizuri. Akavuta sikio lake mwenyewe la kulia, sikio la madume, akalipaka lote. "El," alisema. "El Kimaiyo." Akaonyesha mbali, kule shambani, akafanya kwa vidole koleo inavyobana sikio. Kushoto, *la oveja*. Kulia, *el carnero*. Tena akaonyesha kichwa chake, akakipiga makofi mawili, kuonyesha kwamba humo ndimo mlimokuwa na shida.

Mzee Sebio aliinua uso. Akaivua kofia, akalitazama doa. Lilikuwa upande wa kulia. Akaitazama fimbo iliyozungushiwa rangi yote. Midomo ikaanza kumtetemeka, na Kimaiyo akadhani ni kilio tena. Lakini mzee aliinua mkono polepole, akagusa ndevu zake, akangoja kama mwalimu anavyongoja jibu.

"La barba," alinong'ona Kimaiyo. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, akanyoosha kidole, akampaka doa jekundu upande wa kushoto wa ndevu.

Mzee alicheka hadi akateleza kutoka kwenye sanduku. Alicheka akipiga jukwaa kwa kiganja, na wanawake wenye vikapu wakacheka bila kujua kwa nini, na karani wa stesheni akatoka ofisini kuuliza kuna nini. Gari lilikuja, likaondoka. Wao wawili walikuwa tayari njiani kurudi, mmoja kabeba sanduku, mwingine kabeba kopo.

Siku ya kunyoa kondoo ilifika baada ya wiki mbili. Rangi ile ilitengenezwa isitoke hata kwa mvua ya Mau, kwa hiyo Kimaiyo alifika bandani na sikio jekundu. Bwana Hallam aliwapanga wachungaji, akaanza na Micah. Micah aliongea na mzee kama maji ya mfereji, salamu, hali ya hewa, habari za familia, bila kukwama. Wachungaji wakapiga makofi. Jeruto, aliyesimama mlangoni na wanawake wengine, aliinamisha kichwa.

Kisha Bwana Hallam akamgeukia Kimaiyo.

"Wewe! Nani natia wewe alama ya kuuza?"

Watu waliangua kicheko. Kimaiyo alivitazama viatu vya Bwana. Vilikuwa vya kahawia, kamba ya kushoto imekatika ikaungwa. Ile "ndiyo" ilikuwa tayari mdomoni. Lakini akili ilimwambia kwamba aliyejipaka sikio mbele ya stesheni nzima hana tena aibu ya kulinda. Akainua macho. Macho ya Bwana Hallam yalikuwa ya kijani. Miaka kumi na minane, na hakuwa amejua.

"Ni mimi mwenyewe, Bwana," alisema. Na akaeleza yote, tangu kuichungulia meza kwa chini hadi ndevu za mzee, na hakuficha kosa lake hata moja. Bandani watu walicheka, kisha wakanyamaza alipofika mahali pa mzee kulia, kisha wakacheka tena.

Bwana Hallam alimwuliza mzee kitu. Mzee akajibu kwa maneno mengi, akiipigapiga fimbo yake nyekundu sakafuni.

"Yeye nasema atakaa mpaka mwaka naisha," Bwana Hallam alifasiri. "Nasema Micah iko sema vizuri sana, kama padri. Wewe nasema vibaya kabisa. Lakini wewe nakimbia maili saba kumwambia yeye kama meza ni mwanamke, na yeye nataka kufanya kazi na mtu kama hii." Akakuna kidevu. "Mimi hapana jua hii ni mnyapara namna gani. Lakini basi. Wewe iko mnyapara. Micah ataandika daftari ya manyoya."

"Ndiyo," alisema Kimaiyo, na safari hii hakuijutia.

Micah alimpa mkono nje ya banda. "Mzee, umenishinda. Lakini Kihispania chako bado ni kibaya."

"Najua," alisema Kimaiyo. "Na nyumba haina kunguni."

Mwaka ulipokwisha, Mzee Sebio alirudi kwao, akawaachia Kimaiyo na Jeruto ile meza. Kimaiyo hakufika mbali zaidi katika lugha ile. Mpaka leo hajaambiwa sababu ya gauni kuwa dume, na maji yalimshinda kabisa, kwa kuwa mzee aliyaita *el* asubuhi na kuyasema kama ya kike mchana. Lakini ng'ombe wanne walibaki wanne, kisha wakawa watano, na Bwana Hallam akajifanya hajui kuhesabu. Na Jeruto, kila akifagia jikoni, hufika kwenye ile meza yenye mguu mwekundu, akaisukuma kwa nyonga na kuiambia, "Songa kidogo, mama, nipite."